Mbio za Farasi Zenye Majina ya Watu wa Visakale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mbio za aina hii ni zipi hasa?

Ni mbio ambazo jina lake halikutoka kwa tajiri, mdhamini wala farasi bingwa wa zamani, bali kwa mtu anayeishi zaidi midomoni mwa watu kuliko kwenye hati. Huenda alizaliwa kweli na maisha yake yakatiwa chumvi kizazi baada ya kizazi, kama ilivyokuwa kwa Fumo Liyongo. Huenda pia hakuwahi kuvuta pumzi hata siku moja. Muhimu ni kwamba kuna mahali panapomdai kuwa ni wao, na uwanja wa mbio wa hapo ukaamua kumtunza kwa namna yake.

Maswali haya yanahusu zaidi Marekani, kwa sababu huko desturi hii imeshika mizizi. Majimbo mengi yana uwanja wake, na kila uwanja una kalenda ndefu ya mbio zinazohitaji majina.

Neno “Stakes” linaloonekana kwenye majina yote lina maana gani?

Dau. Zamani wenye farasi walichanga fedha kabla ya mbio na mshindi akaondoka na kapu lote, au sehemu yake kubwa. Siku hizi uwanja nao huongeza fedha nyingi, lakini neno limebaki. Ukiona “Stakes” ujue hizo ni mbio za hadhi, juu ya zile za kawaida za kila siku. Zilizo bora kabisa hupewa daraja la kwanza, la pili au la tatu na kamati ya kitaifa, na daraja hilo hupanda au kushuka kulingana na ubora wa farasi wanaojitokeza miaka inayofuatana.

Nani huamua jina?

Uongozi wa uwanja. Hakuna baraza la taifa linaloketi kugawa majina. Ndiyo maana majina haya yana harufu ya mahali: aliyeyachagua alijua wasikilizaji wake wamelelewa na kisa gani. Kwa sababu hiyohiyo, jina linaweza kufutwa kwa uamuzi wa ofisi moja tu, mdhamini akipatikana au bingwa fulani akistaafu. Naomba wenye viwanja walitazame hilo kwa macho mawili. Jina likishaondoka kwenye ratiba, ni nadra lirudi.

Mfano mmoja ulio wazi kuliko yote ni upi?

Kwangu mimi ni Molly Pitcher Stakes, mbio za farasi majike katika uwanja wa Monmouth Park, jimbo la New Jersey. Zilianza mwaka 1946, mwaka ambao uwanja wenyewe ulifunguliwa upya, na umbali wake ni takriban mita 1,700.

Kisa chenyewe kilitokea katika wilaya hiyohiyo ya Monmouth. Tarehe 28 Juni 1778, siku ya joto kali lililoangusha askari hata wasioguswa na risasi, jeshi la George Washington lilipambana na Waingereza. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja alikuwa akienda na kurudi na mtungi wa maji, akiwapa wapiganaji na kulowesha mizinga. Mumewe alipoanguka kando ya mzinga, aliweka mtungi chini, akashika nafasi yake na kuendelea kufyatua. “Molly” ni kifupi cha Mary, na “Pitcher” ni mtungi. Kwa hiyo ni jina la utani, kama sisi tungesema Mariamu wa Mtungi.

Wengi humtaja Mary Ludwig Hays kuwa ndiye. Huyu alikuwepo kweli, na mwaka 1822 jimbo la Pennsylvania lilimpa kiinua mgongo cha dola 40 kwa mwaka kwa utumishi wake vitani. Lakini ushahidi unaonikaa moyoni ni wa askari Joseph Plumb Martin, aliyepigana siku ile na baadaye akaandika kumbukumbu zake. Anasema alimwona mwanamke akisaidiana na mumewe kwenye mzinga. Mama yule alikuwa ametanua mguu mmoja mbele ili kufikia baruti, na kombora la adui likapita katikati ya miguu yake, likaondoka na upande wote wa chini wa shimizi yake. Aliangalia chini, akasema ni bahati halikupita juu zaidi kidogo, akaendelea na kazi. Martin hakuandika jina lake. Jina waliliweka watu baadaye, na miaka mia na zaidi baadaye likapandishwa kwenye ubao wa Monmouth Park.

Barbara Fritchie naye ni nani?

Ni kikongwe wa mji wa Frederick, jimbo la Maryland. Kisa kinasema mwezi Septemba 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majeshi ya Kusini chini ya Jenerali Stonewall Jackson yalipopita mjini, bendera zote ziliteremshwa isipokuwa moja: ya Bi Barbara, mwenye miaka 95. Askari walipoipiga risasi, alichungulia dirishani akaikamata na kuwaambia wapige kichwa chake chenye mvi lakini waiache bendera ya nchi yao. Jenerali aliona haya, akakataza mtu yeyote asimguse.

Shairi la John Greenleaf Whittier la mwaka 1863 ndilo lililokieneza kisa hiki nchi nzima, na watoto wa shule walilikariri kwa vizazi. Watafiti walipofuatilia, mambo yakawa magumu. Inaelekea bibi alikuwa mgonjwa kitandani siku zile, na Jackson hakupita mbele ya nyumba yake. Wapo wanaosema mwanamke mwingine wa mtaa huohuo ndiye aliyepunga bendera. Bibi mwenyewe alifariki mwezi Desemba mwaka uleule wa 1862, kabla hajasikia hata ubeti mmoja.

Barbara Fritchie Stakes zilianza mwaka 1952 katika uwanja wa Bowie, na sasa hufanyika Laurel Park, Maryland, mwezi Februari. Ni mbio za majike, mita kama 1,400. Februari ya Maryland ni baridi, na mara nyingi njia huwa tope au imeganda. Nadhani mbio za mwanamke aliyekataa kuingia ndani zinastahili hali hiyo ya hewa.

Kuna mbio zenye jina la mtu ambaye ni hakika hakuwepo?

Zipo. Gasparilla Stakes, uwanja wa Tampa Bay Downs, Florida, ni za majike wa miaka 3 na hufanyika mwezi Januari. Jina linatokana na José Gaspar, haramia wa Kihispania anayesemekana kuiteka pwani ya magharibi ya Florida. Meli ya kivita ya Marekani ilipombana mwaka 1821, alijifunga mnyororo wa nanga mwilini akajitosa baharini kuliko kutiwa pingu.

Ni kisa kizuri, lakini nyaraka za Hispania na za Marekani hazimjui mtu huyo. Maandishi ya mwanzo yanayomtaja kwa urefu ni kijitabu cha matangazo cha kampuni ya reli, mwanzoni mwa karne ya 20, kilichokuwa kikivutia wageni kwenye hoteli ya pwani. Hata hivyo mji wa Tampa ulimchukua, na sherehe za Gasparilla zilianza mwaka 1904. Mwaka ule wa kwanza “maharamia” hawakuja kwa meli. Waliingia mjini wakiwa wamepanda farasi, na meli ilikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo anayesema haramia hana uhusiano na uwanja wa farasi amekosea kidogo: huyu alifika Tampa juu ya tandiko.

Sasa kwa nini jina la mwanamume lipewe mbio za majike?

Umeona vizuri. Karibu zote nilizozitaja zina utaratibu usioandikwa: wanawake wa visakale hupewa mbio za majike. Molly Pitcher, Barbara Fritchie, na Maid of the Mist tutakayoifikia hapa chini, ni hivyohivyo. Gasparilla inavunja utaratibu kwa sababu, nadhani, watu wa Tampa wakisikia jina hilo hufikiria sherehe kabla ya kumfikiria haramia.

Utaratibu huu una uzuri na una ubaya. Uzuri ni kwamba wanawake ambao wasingepata mtaa wala sanamu wamepata mbio zinazotajwa kila mwaka. Ubaya ni kwamba zawadi kubwa kabisa za msimu kwa kawaida huwekwa kwenye mbio zilizo wazi kwa wote, na huko majina ya wanawake hao hayafiki mara nyingi.

Sleepy Hollow Stakes ni za yule mpanda farasi asiye na kichwa?

Ndizo. Ni mbio za farasi wa miaka 2 waliozaliwa jimbo la New York, umbali wa maili moja, na kwa miaka mingi zimekuwa za Belmont Park mwezi wa Oktoba, siku maalumu inayotengwa kwa ajili ya farasi wa jimbo hilo.

Kisa kiliandikwa na Washington Irving na kuchapishwa mwaka 1820, lakini ndani yake kuna masimulizi ya walowezi wa Kiholanzi wa bonde la mto Hudson. Askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani, aliyeng’olewa kichwa na kombora katika vita vya uhuru, hutoka kaburini usiku kukitafuta. Mwalimu wa kijiji, Ichabod Crane, anarudi kutoka karamuni juu ya Gunpowder, farasi mzee wa kulima, wa kuazima, mwenye jicho moja bovu. Anakutana na mzuka. Wanafukuzana hadi darajani, mahali ambapo mzuka inasemekana hawezi kupita. Mwalimu anavuka, anageuka nyuma kuangalia, na mzuka anasimama kwenye vikuku na kumrushia kichwa. Asubuhi yake watu wanakuta kofia ya mwalimu, na kando yake boga lililopasuka.

Ukikitazama vizuri, kisa chote ni mbio za farasi wawili: daraja ndilo mstari wa mwisho, na aliyetangulia ndiye aliyepoteza. Sijui jina jingine la mbio linalolingana hivi na kitu linachokiita. Nalo lina nguvu hata nje ya uwanja: mwaka 1996 kijiji cha North Tarrytown kilibadilisha jina lake rasmi kikawa Sleepy Hollow.

Na Maid of the Mist?

Ni mbio dada, siku hiyohiyo, kwa majike wa miaka 2 wa New York. Jina linatoka Maporomoko ya Niagara. Msichana, ambaye masimulizi mengi humwita Lelawala, anapelekwa na maji ndani ya mtumbwi hadi ukingoni, na Heno, mwenye ngurumo, anayeishi nyuma ya pazia la maji, anamdaka kabla hajafika chini.

Hapa lazima niseme kwa uzito. Kwa muda mrefu watalii waliambiwa kwamba Wahindi Wekundu wa hapo walikuwa wakimtoa msichana sadaka kila mwaka kwa kumsukumia kwenye maporomoko. Watu wa Haudenosaunee, ambao ndio wenyewe, wamekanusha vikali: hakukuwa na kafara ya namna hiyo, na simulizi lao ni la msichana aliyekuwa katika dhiki na akaokolewa. Toleo la kafara lilitungwa na wageni. Katika miaka ya 1990 malalamiko yao yalisikika, na simulizi hilo likaachwa kwenye boti za kitalii zenye jina hilo, ambazo zimekuwa zikipeleka watu karibu na maporomoko tangu mwaka 1846. Jina la mbio limebaki. Mimi sitaki lifutwe. Nataka mtangazaji anayelitamka ajue ni toleo lipi la kusimulia.

Farasi mwenyewe anaweza kuwa mtu wa kisakale?

Anaweza kulibeba jina hadi likawa lake. John Henry wa masimulizi alikuwa mtu mweusi aliyetoboa miamba kwa nyundo na tindo wakati reli ikichimbwa kupita milimani huko West Virginia, miaka michache baada ya utumwa kukomeshwa. Ilipoletwa mashine ya mvuke, alishindana nayo, akaishinda, kisha akaanguka na kufa nyundo ikiwa mkononi.

Mwaka 1975 alizaliwa mwanafarasi huko Kentucky, mdogo wa umbo na mkali wa tabia. Alikuwa akizing’oa ndoo za chuma za chakula ukutani na kuzikanyagakanyaga hadi zikawa bapa kama sahani. Wakamwita John Henry. Aliuzwa kwa dola 1,100 akiwa na mwaka mmoja, kisha akahasiwa kwa sababu ya ukorofi. Mwaka 1981 alishinda Arlington Million ya kwanza kabisa kwa tofauti ndogo kiasi kwamba televisheni ilimtangaza mwenzake, The Bart, kuwa mshindi kabla picha ya mstari wa mwisho haijasomwa. Mwaka 1984, akiwa na miaka 9, umri ambao wenzake wengi walishastaafu zamani, alishinda mbio hizo tena. Miaka yote miwili alitajwa kuwa Farasi Bora wa Mwaka nchini Marekani, na alistaafu akiwa ameingiza zaidi ya dola milioni 6.5. Alikufa mwaka 2007.

Santa Anita, California, ina mbio za John Henry Turf Championship. Zimepewa jina la farasi, lakini nyuma ya farasi yupo mtu mwenye nyundo. Kisa kimesafiri kutoka handakini hadi zizini na kutoka zizini hadi kwenye ratiba.

Je, kila jina linalosikika kama la hekaya lina hekaya nyuma yake?

La. St. Leger ya Doncaster, Uingereza, iliyoanza mwaka 1776, wengi huidhania ni ya mtakatifu. Ni jina la ukoo wa mwanajeshi, Anthony St. Leger. Derby ni cheo cha lodi aliyeipa mbio jina mwaka 1780, ingawa kisa kwamba alirusha sarafu na rafiki yake Sir Charles Bunbury kuamua jina la nani litumike kimekuwa ngano chenyewe. Na Iroquois Stakes ya Churchill Downs inamkumbuka farasi Iroquois, farasi wa kwanza aliyezaliwa Marekani kushinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 1881. Uliza kwanza kabla ya kusimulia.

Kuna visa ambavyo jina la mbio na jina la uwanja vinajibizana?

Kimoja ninachokipenda kiko Houston, Texas. Uwanja unaitwa Sam Houston Race Park, kwa heshima ya jenerali aliyeshinda vita vya San Jacinto tarehe 21 Aprili 1836, mapigano yaliyomalizika kwa dakika 18 hivi. Hapo hufanyika Yellow Rose Stakes, za majike waliozaliwa Texas. Kwa kisakale, “Waridi la Njano la Texas” ni Emily West, mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika aliyetekwa na Wamexico, na ambaye inadaiwa alimshughulisha jenerali wao, Santa Anna, hemani mwake hadi adui akamkuta hajajiandaa. Kwamba alitekwa, hilo lina ushahidi. La hemani ni uvumi ulioandikwa miaka kadhaa baadaye, na wanahistoria hawaukubali. Ila inanigusa kwamba jenerali amepewa geti na paa, na mwanamke amepewa dakika moja na kitu ya mbio, na bado watu wanamuulizia yeye.

Jina linabadilisha chochote kwenye mashindano yenyewe?

Hapana. Umbali, uzito anaobeba farasi na zawadi havijali jina.

Nianzie wapi kama nataka kuzifuatilia?

Fuata kalenda: Gasparilla Januari, Barbara Fritchie Februari, Molly Pitcher wakati wa kiangazi cha huko, Sleepy Hollow na Maid of the Mist Oktoba. Kumbuka tu kwamba Belmont imekuwa ikijengwa upya, kwa hiyo mbio zake zimehamishiwa viwanja vingine vya New York. Kumbuka pia kwamba farasi wote hawa huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari, hivyo “wa miaka 3” anayekimbia Gasparilla huenda hajatimiza siku zake.

Kisha tafuta Evangeline Downs, Louisiana. Huko uwanja mzima, uliofunguliwa mwaka 1966, umepewa jina la Evangeline, binti wa Acadia, koloni la zamani la Wafaransa katika Kanada ya leo, aliyetenganishwa na mchumba wake Waingereza walipowafukuza watu wake kuanzia mwaka 1755, akamtafuta maisha yake yote. Mshairi wa Marekani Longfellow alimtunga katika utenzi wa mwaka 1847. Watu wa Louisiana wakamfanya ndugu yao kabisa: mjini St. Martinville kuna mwaloni wake na sanamu yake, na si mbali na hapo alikulia Calvin Borel, aliyeanza kupanda farasi wa mashindano ya vichochoroni akiwa mtoto mdogo na baadaye akashinda Kentucky Derby mara 3, mwaka 2007, 2009 na 2010.

Ukipata video ya mbio za hapo, ongeza sauti kabla milango haijafunguliwa. Farasi wa mwisho anasukumwa ndani, kufuli inalia, kunakuwa kimya kidogo. Halafu kengele, na mtangazaji anapaza sauti kwa Kifaransa cha wale waliofukuzwa: “Ils sont partis!” Wameondoka.